Kiti na Kipande cha Gunia

Msichana aliyeitwa mbele alikuwa na umri wa miaka saba au minane hivi. Nywele zake zilisukwa mikia miwili, kila mmoja umekunjwa na kufungwa utepe mwekundu, na mvua ilikuwa imeilowesha sketi ya sare yake ya shule. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya plastiki iliyo angavu, mfano wa zile ambazo wenye maduka kwetu huwekea peremende, na ndani yake mlikuwa na karatasi zilizokunjwa. Ofisa aliinyanyua, akaitikisa ili ukumbi mzima uone, kisha msichana akaingiza mkono. Karatasi aliyoitoa ilifunguliwa, ikasomwa kwa sauti, ikaonyeshwa kulia na kushoto. Wanaume wa safu za mbele wakaguna. Wawili walinyanyuka wakatoka nje, mmoja simu iko sikioni tayari.

"Kijiji chao kimeangukia kwa wanawake, Shangazi," mpwa wangu alininong'oneza. "Walikuwa wameshaanza kampeni."

Mpwa wangu anasoma Pune, mji uliopokea vijana wengi wa Afrika Mashariki waliofuata vyuo vyake. Miaka mitatu imemfundisha Kihindi cha kutosha kununua na kuuza. Lakini watu wa Maharashtra, jimbo la Pune na mojawapo ya majimbo makubwa ya India, husema Kimarathi, na kwa lugha hiyo tulimtegemea mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Guruji. Yeye ndiye aliyetuleta wilaya ya Satara, kusini mwa Pune, nilipomwambia kwamba nilikuwa mtendaji wa kata mkoani Tanga, Tanzania, kwa miaka kumi na moja, na kwamba nataka kuona wenzetu wanavyoendesha vijiji.

Shughuli ile ya chupa huitwa *sodat*, yaani kura ya bahati. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kura ya kugawana mafungu na kura ya kuchagua viongozi. Hapa zote mbili hukutana. Kwanza kura ya bahati huamua kiti cha kijiji kipi kitagombewa na watu wa kundi gani. Miezi kadhaa baadaye, kura ya uchaguzi humpata atakayekikalia. Msichana yule mwenye utepe mwekundu alikuwa anafanya kazi ya kwanza, na nadhani alichaguliwa yeye kwa sababu mtoto wa umri ule hana anayemdai fadhila.

Baraza la kijiji huitwa *gram panchayat*, na mkuu wake huitwa *sarpanch*. *Panch* ni watano, kwa kuwa wazee wa baraza la zamani walihesabiwa watano. *Sar* ni kichwa. Ni *sar* hiyohiyo iliyo ndani ya *sarkar*, neno la Kiajemi ambalo sisi tulilipokea tukaliita serikali. Marekebisho ya 73 ya Katiba ya India, yaliyoanza kutumika tarehe 24 Aprili 1993, yaliagiza kwamba angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza hayo iwe ya wanawake, pamoja na theluthi moja ya nafasi za wakuu. Watu wa matabaka yaliyonyanyaswa na watu wa makabila ya asili hutengewa viti kwa kadiri ya idadi yao, na ndani ya viti hivyo theluthi huwa ya wanawake wao. Maharashtra imekwenda mbele zaidi, ikafika nusu kwa nusu. Viti hivi havikai mahali pamoja. Huzunguka kutoka kijiji hadi kijiji kila baada ya uchaguzi, ndiyo maana ukumbi ulijaa watu ambao hawakujua asubuhi ile kama jioni watakuwa wagombea au watazamaji.

Anayetaka kugombea kiti kilichotengewa tabaka fulani huja na cheti cha tabaka lake, pamoja na cheti kingine cha kuthibitisha kwamba kile cha kwanza ni cha kweli. Na kuna sharti lililonishangaza zaidi: katika Maharashtra mtu aliyepata mtoto wa tatu baada ya Septemba 2001 haruhusiwi kugombea kabisa. Nilifikiria kijiji changu na nikaona ni wangapi wetu tungebaki. Sharti hilo sikulipenda, na silipendi hadi sasa, kwa sababu mara nyingi idadi ya watoto huamuliwa na mume au mama mkwe, na anayekosa kiti ni yule aliyewazaa.

Kijiji alikotupeleka Guruji kiko kati ya mashamba ya miwa, na mwezi wa Julai mvua hunyesha mchana kutwa bila ngurumo, kama mtu anayemimina maji taratibu kwa kata. Kuna mti mkubwa wa jamii ya mkuyu wenye mizizi inayoning'inia, umezungushiwa kibaraza cha mawe, na wazee hukaa hapo. Ofisi ya baraza ni chumba cha rangi ya waridi. Ukutani pana ubao uliopakwa rangi wenye majina ya masarpanch wote tangu baraza lilipoanzishwa, kila mmoja na miaka yake.

Niliomba nisomewe ubao ule wote. Kwa miaka mingi jina la ukoo lilikuwa moja, likipokezana na jingine moja tu. Baba, mwana, ndugu wa baba. Halafu, katika miaka ya 1990, panatokea jina linaloanza na *Sau.*, herufi wanazomwandikia mwanamke aliyeolewa. Huko jina la mwanamke hubeba la mumewe katikati, kwa hiyo hata pale ukutani mume yupo naye. Baada ya majina mawili matatu zaidi, ukoo wenyewe unabadilika. Guruji aliweka kidole kwenye jina la mwisho. "Huyu anatoka ng'ambo ya mfereji," alisema.

Ng'ambo ya mfereji ni Bhimnagar, mtaa wa Wadalit. Zamani mitaa ya namna hiyo iliitwa kwa jina la tabaka la wakazi wake, mpaka Desemba 2020 serikali ya Maharashtra ilipoamua majina hayo yafutwe. Dalit maana yake ni aliyepondwa. Hawa ndio waliozuiwa kuingia mahekalu na kuteka maji visima vya wengine, na ambao kivuli chao tu kilihesabiwa najisi. Sheria huwaita matabaka yaliyoorodheshwa. Mlangoni mwa mtaa imesimama sanamu ya mwanamume wa suti ya buluu, miwani usoni, kitabu kikubwa kwapani: Bhimrao Ambedkar, na kitabu ni Katiba ya nchi, ambayo kamati iliyoiandika iliongozwa na yeye. Watu wa hapo husalimiana kwa kutaja jina lake: *Jai Bhim*. Nilifundishwa kuitikia, nikaitikia kila nyumba.

Sarpanch alitupokea nyumbani kwake. Alivaa sari ya kijani, pindo limefunika nywele, akatuletea chai kwenye vikombe vidogo vya kioo, kisha akaketi kizingitini. Mumewe alivuta kiti akakaa mbele yetu. Nilimwuliza mama yule ameongoza kwa muda gani, mume akajibu. Nikauliza baraza lina wajumbe wangapi, mume akajibu. Wahindi wana jina la jambo hilo, *sarpanch pati*, mume wa sarpanch, yaani mwanamume anayeendesha ofisi kwa mhuri wa mkewe. Limeenea kiasi kwamba mwaka 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi alisema hadharani kwamba lazima likomeshwe. Sikukasirika. Nimeona kwetu madiwani wanaume wanaoendeshwa na matajiri waliowalipia kampeni, na hakuna aliyewabunia jina.

Kisha nikauliza juu ya maji. Pampu huwashwa saa ngapi? Mume akaanza, akasita, akatazama dari. Sauti ikatoka kizingitini. Alisema upande wa juu hupata maji kila siku, upande huu siku moja ndiyo na siku moja hapana. Kwamba bomba la kuja hapa ni jembamba kuliko lile la kwenda kule. Kwamba kuna mabomba manne yenye koki zilizokatika, na akataja yako mbele ya nyumba za nani. Alizungumza bila kutazama karatasi, kwa kuwa ameyabeba maji hayo kichwani tangu siku alipoolewa. Mume alinyamaza akawa anasikiliza kama sisi.

Hilo watafiti wameliandika. Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, katika utafiti wao wa mwaka 2004, walilinganisha mabaraza ya West Bengal na Rajasthan, wakakuta kwamba pale ambapo kiti cha mkuu kilitengwa kwa mwanamke, fedha nyingi zaidi zilikwenda kwenye maji ya kunywa. Kwa kuwa vijiji vilivyotengewa havikuchaguliwa kwa upendeleo, tofauti ile haikuweza kusingiziwa jambo jingine.

Jioni Guruji alitueleza habari ambayo kila mtoto wa wilaya ile anaijua. Ambedkar alisoma shule mjini Satara, mwanzoni mwa karne iliyopita. Wenzake walikaa na wenzao. Yeye alitengwa pembeni, juu ya kipande cha gunia alichokibeba kutoka nyumbani, kwa sababu mfagiaji wa shule hakukubali kugusa kitu alichokikalia. Bomba la maji hakuruhusiwa kulifungua mwenyewe. Tarishi alipokuwepo, alimfungulia. Tarishi asipokuwepo, alikaa na kiu. Mtoto huyohuyo, tarehe 20 Machi 1927, alikwenda Mahad, ng'ambo ya milima ya Sahyadri, akawaongoza maelfu ya watu wake hadi kwenye bwawa la mji, akainama akanywa.

Tangu niisikie habari hiyo, neno kiti katika viti maalum, kama sisi Watanzania tunavyoviita viti vya wanawake, limebadilika masikioni mwangu.

Namna viti vilivyotengewa Wadalit vilivyopatikana nayo ina uchungu wake. Mwaka 1932 Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, alitangaza kwamba Wadalit watapata viti vyao katika mabaraza ya majimbo, na wao peke yao ndio watakaovipigia kura. Ambedkar aliridhia. Mahatma Gandhi, aliyekuwa mfungwa katika gereza la Yerwada hapo Pune, alikataa kwa kusema kwamba hilo litawagawa Wahindu milele, akaanza mfungo wa kutokula hadi kufa tarehe 20 Septemba. Ambedkar alijikuta amebebeshwa uhai wa mtu aliyependwa kuliko wote nchini, huku watu wake wakiwa wametapakaa vijijini bila ulinzi. Tarehe 24 Septemba akatia saini mapatano. Viti viliongezeka kutoka 71 hadi 148, lakini wapiga kura wakawa wote kwa pamoja: anayegombea ni Mdalit, anayemchagua ni kijiji kizima.

Mfumo huo ndio unaotumika hadi leo. Katika bunge la India lenye viti 543, viti 84 ni vya Wadalit na 47 vya makabila ya asili, na kila kimoja kina eneo lake na wapiga kura wake wa kila tabaka. Katiba iliyoanza kazi Januari 1950 iliviwekea muda wa miaka kumi. Kila muongo bunge limeuongeza, na muda wa sasa unaishia 2030. Bei yake aliilipa Ambedkar mwenyewe. Katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa India huru, wa 1951 na 1952, aligombea kiti kilichotengwa cha Bombay Kaskazini akashindwa na Mdalit mwingine aliyesimamishwa na chama cha Congress. Wengi walimpendelea aliye mpole kwao. Wako Wadalit wanaosema hadi leo kwamba saini ya Yerwada iliwapa wawakilishi wanaoogopa kuwaudhi majirani, na sina hoja ya kuwapinga.

Tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru, tulirudi kijijini. Bendera ilikuwa imekunjwa na maua ya rangi ya machungwa ndani yake, na sarpanch alipovuta kamba ilifunguka, petali zikamwangukia mabegani. Kisha ukafuata mkutano wa kijiji kizima, ule ambao kwetu ni mkutano mkuu wa kijiji. Nyuma ya meza palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, egemeo lake limetandikwa taulo jeupe, kama ilivyo desturi ya maofisa wa India. Alikikalia yeye. Mumewe alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mzee mmoja wa ule ukoo wa ubaoni alitaka saruji ianze na njia ya hekaluni. Sarpanch akamwomba katibu wa baraza asome azimio la mwaka uliopita, ambalo lilikuwa la bomba la Bhimnagar. Katibu alisoma. Mama akasema maneno machache, sauti yake ikitetemeka: fedha ya bomba ni ya bomba, na njia itafuata. Wanaume kadhaa waliendelea kuzungumza wao kwa wao. Mzee alikunja uso, lakini alibaki amekaa, maana na yeye alikuwa na ombi jingine, la taa ya barabarani mbele ya nyumba yake, na ombi hilo lilihitaji saini ya yule mama.

Nilikaa pale nikiwaza kamati yetu ya maendeleo ya kata, ambayo mimi nilikuwa katibu wake. Diwani wa kata alikaa kitini, na diwani wa viti maalum alikaa ubavuni. Alikuwa mwanamke hodari, mwenye kusoma bajeti mstari kwa mstari. Lakini alipozungumza, daima paliulizwa swali moja kwa kunong'ona: huyu kachaguliwa na nani? Hakuna mwananchi aliyewahi kumpigia kura ya hiyo nafasi. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya chama. Hakuna mzee aliyemhitaji kwa ajili ya taa ya barabarani, na wananchi waliokuja ofisini kwangu na shida hawakuuliza kama yupo.

Ngazi ya taifa ni hivyohivyo. Katiba yetu, ibara ya 66, inataka wanawake wasiopungua asilimia 30 ya wabunge, na ibara ya 78 inagawa viti hivyo kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura. Baada ya uchaguzi wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Anayekaa humo anapata mshahara na haki ya kusema, lakini mfuko wa maendeleo wa jimbo unasimamiwa na mbunge wa jimbo, na kwa ibara ya 51 hawezi kuteuliwa Waziri Mkuu. Sidharau faida yake. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa nafasi ya viti maalum, na miaka kumi baadaye akashinda jimbo la Makunduchi. Kwa idadi tumewapita Wahindi kwa mbali: uchaguzi wao wa 2024 uliwapeleka bungeni wanawake 74 tu kati ya 543, kwa kuwa sheria yao ya Septemba 2023 ya kuwatengea theluthi ilifungwa kwenye sharti la kusubiri sensa na ugawaji mpya wa maeneo.

Lakini tumewapa wanawake viti bila kuwapa mahali. Mama wa Bhimnagar ana mipaka, ana mabomba manne yenye koki mbovu, ana mzee anayelazimika kumwomba saini. Na hatuhitaji kuvuka bahari kujifunza hilo. Kenya, kwa Katiba ya 2010, kila moja ya kaunti 47 huchagua mwakilishi wake mwanamke kwa kura za wananchi wote. Uganda kila wilaya hufanya hivyo.

Kabla ya kuondoka nilimwuliza atafanya nini muda wake ukiisha, kwa sababu karatasi ya kijiji chake, iliyotoka katika chupa ile, ilisema safari hii kiti ni cha wazi kwa wote. Watafiti waliofuatilia West Bengal walikuta kwamba baada ya kiti kutengwa kwa wanawake mara mbili, wanawake wengi zaidi hugombea na kushinda hata kisipotengwa tena. Sikumwambia habari hiyo. Alitazama upande wa juu wa kijiji, akasema atagombea, na kwamba hajui kama watu wa kule watampa kura, ila bomba litakuwa limeshafika.

Msomaji, tafuta jina la diwani wa viti maalum anayehudumia kata yako. Mpelekee shida ya maji ya mtaani kwako kama unavyompelekea diwani wa kata. Na mbunge wako atakapokuja tena kuomba kura, mtake aseme mbele ya mkutano kama yuko tayari kuviwekea viti hivyo mipaka na wapiga kura.